Ndege za rimoti na mitambo yake ya zamani: dalili, sababu na pa kuanzia

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepata seti ya redio ya miaka ya 1960 hadi 1980 na anataka kuifunga kwenye ndege ya balsa ili iruke tena. Hitilafu zimepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayojitokeza mara nyingi imetangulia, na ukaguzi wa macho na mikono umetangulia ule wa bisibisi.

Onyo la kwanza ni la kila seti bila kujali umri: usizungushe zile skrubu nyeusi zilizo ndani ya vikopo vya koili. Ziliwekwa kiwandani kwa vipimo, na ukishazizungusha huna namna ya kujua zilikuwa wapi. Seti nyingi huharibikia hapo hapo. Tatizo lilikuwa swichi, mtu akaanza na koili.

Andaa multimita, kipinga cha ohm 10 chenye uwezo wa wati 5, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, spiriti, siki, na sevo (mota ndogo inayosogeza usukani na sehemu nyingine za ndege) moja unayojua kuwa ni nzima. Sevo hiyo itakusaidia kuliko kifaa chochote cha bei kubwa.

Seti haiwaki, au inawaka kisha inakufa baada ya dakika chache

Ni betri, au njia ya umeme kutoka betri hadi risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege). Anza hapo hata kama una hakika ni kitu kingine.

Pakiti ya kawaida ya risiva ina seli 4 za nikeli-kadimia, volti 4.8. Ya transmita, kifaa cha mkononi kinachorusha amri, ina seli 8, volti 9.6. Betri iliyochoka husoma volti nzuri ikiwa haina mzigo, kwa hiyo kuipima ikiwa peke yake hakukuambii kitu. Unganisha kipinga cha ohm 10 kati ya chanya na hasi ya pakiti ya risiva. Kitavuta karibu nusu ampea. Soma mita baada ya dakika moja. Ikishuka chini ya volti 4.4, pakiti hiyo haifai kurushwa. Kipinga kitapata moto, kwa hiyo usikishike kwa vidole.

Betri ikiwa mpya na bado inaisha haraka, tazama chaja. Chaja za zamani hutoa miliampea 50, zikiwa zimekusudiwa seli za miliampea-saa 500 kwa saa 14 hadi 16. Leo watu hufunga seli za nikeli-hidridi za miliampea-saa 2000, wakachaji usiku kucha kama mwongozo wa zamani unavyosema, na asubuhi pakiti ina kama robo tu ya ujazo wake. Kwa chaja hiyo ingehitaji zaidi ya saa 50. Nunua chaja nyingine, na kabla ya kuichomeka pima tundu la transmita kwa mita: kwa baadhi ya watengenezaji pini ya kati ni chanya, kwa wengine ni hasi.

Sababu ya tatu hujificha ndani ya plastiki ya waya. Pakiti za nikeli-kadimia zikikaa muda mrefu zikiwa tupu, waya wa hasi hugeuka mweusi kuanzia kwenye seli kuelekea swichi. Nje unaonekana mzima. Menya sentimita moja ya plastiki karibu na swichi: shaba nzuri inang'aa kama senti mpya, iliyooza ni nyeusi na risasi ya kulehemu haishiki hata ukikwangua. Usiunge kipande. Badilisha waya wote pamoja na swichi, kwa sababu uozo huo haukuishia pale ulipouona.

Kuhusu swichi yenyewe, washa seti na uweke ncha za mita pande mbili za swichi ikiwa imewashwa. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, itupe. Kuiwasha na kuizima mara nyingi huisafisha kwa siku mbili tatu tu, halafu hurudi tabia yake ndege ikiwa juu. Anayeishi pwani aichunguze kila msimu, maana hewa ya chumvi huweka ukijani kwenye kila kipande cha shaba kisichofunikwa.

Ukikuta unga mweupe kwenye seli au kwenye bodi ya transmita, ni kemikali ya betri iliyovuja. Vaa glavu, pangusa kwa siki kidogo, suuza kwa maji machache, malizia kwa spiriti na uache ikauke siku nzima. Kadimia ni sumu: usipasue seli, usizichome jalalani. Na usifunge betri ya lithiamu ya volti 7.4 moja kwa moja kwenye sevo za zamani. Zitaenda kasi kwa muda mfupi, kisha moshi.

*Simama hapa* ikiwa uvujaji umekula njia za shaba kwenye bodi ya transmita. Hiyo ni kazi ya fundi redio mwenye kioo cha kukuzia.

Kila kitu kinawaka, lakini sevo hazitii

Tazama kristali kwanza. Ya transmita na ya risiva hazifanani hata zikiandikwa namba moja: kwenye seti nyingi za AM, ya risiva iko chini kwa kilohezi 455. Transmita ya megahezi 27.195 inataka risiva yenye kristali ya 26.740. Mtu akizibadilishana, seti yote itaonekana imekufa ilhali hakuna kilichoharibika. Risiva zinazobadili masafa mara mbili zina kristali zake pekee, na za AM hazihamishiki kiholela kwenda FM.

Kristali ni kipande chembamba cha kwatsi, na huvunjika kwa kuanguka tu. Ndege ikishapiga chini, badilisha kristali ya risiva hata kama bado inafanya kazi. Iliyopata ufa hufanya kazi mezani na kukatika kwa mtikisiko.

Baada ya hapo angalia rangi. Kwenye masafa ya megahezi 27 ya Marekani kulikuwa na vituo sita, na kila kimoja kilikuwa na rangi ya kibendera: kahawia 26.995, nyekundu 27.045, chungwa 27.095, njano 27.145, kijani 27.195, buluu 27.255. Kibendera cha transmita na kile cha risiva visipolingana, tatizo umelipata. Ile ya buluu walichangia na redio za mawasiliano ya raia, chaneli 23, na ndiyo iliyozamisha ndege nyingi. Ukiwa na hiari, usiitumie.

Sevo za kampuni tofauti zikichanganywa, hakikisha mpangilio wa nyaya. Futaba ni nyeusi hasi, nyekundu chanya, nyeupe ishara. JR ni kahawia, nyekundu, chungwa kwa mpangilio huo huo. Airtronics za zamani ziliweka chanya pembeni na hasi katikati, kwa hiyo soketi inaingia vizuri kabisa na inaunguza sevo. Usiamini umbo la soketi, fuata waya kwa macho hadi kwenye betri.

Kama mawasiliano ni FM, kuna mengine yanayopindisha wimbi juu na mengine chini. Transmita ya Futaba na risiva ya JR zenye kristali sahihi kabisa zinaweza kukataa kuelewana kwa sababu hiyo. Hakuna cha kurekebisha hapo. Tafuta risiva ya upande unaofaa.

Sevo moja tu inasumbua

Hamisha soketi yake kwenda chaneli nyingine. Tatizo likimfuata sevo, mgonjwa ni yeye. Likibaki kwenye chaneli, mgonjwa ni transmita au risiva. Jaribio hili huchukua dakika moja, na bado wengi huliruka wakaanza kufungua vitu.

Sevo inayotetemeka mahali pamoja, mara nyingi katikati, ina poti (kipinga kinachozunguka na kuonyesha mkono ulipo) chafu. Katikati ndipo kigusio kinapokaa muda mwingi, kwa hiyo ndipo kinapochimba. Fungua kifuniko, tia tone la dawa ya kusafishia vigusio isiyoacha mafuta, zungusha mkono wa sevo mara kadhaa huku umeme umezimwa. Vijiti vya transmita vina poti za namna hiyo hiyo na huugua vivyo hivyo. Ukiona sevo inarukaruka pale tu unapopitisha kijiti sehemu fulani, safisha huko.

Sevo inayonguruma na kuruka hatua ina jino la gia lililovunjika. Zima umeme, zungusha mkono wake polepole kwa vidole. Jino likikosekana utalihisi. Usibadilishe gia moja katika seti, maana iliyovunjika hupeleka vumbi la nailoni kwa wenzake.

Sevo inayokimbilia mwisho mmoja na kubaki hapo, waya mmoja wa poti umekatika. Lakini zile za kidijitali za mwanzo, zenye nyaya nne, zina hadithi yake. Waya wa nne unatoka katikati ya pakiti, volti 2.4 kila upande, na mota husukumwa na nusu moja kwenda kushoto na nusu ya pili kwenda kulia. Waya wa kati ukikatika, au nusu moja ikachoka kuliko nyingine, sevo inakwenda vizuri upande mmoja na kusuasua upande wa pili. Pima kila nusu peke yake kabla ya kulaumu sevo.

Sevo zote zinatetemeka

Je, zinatetemeka injini ikiwa imezimwa, au pale inapowaka tu?

Injini ikiwa imezimwa: betri (rudi juu), kisha mtu mwingine hewani kwenye masafa yako, kisha kapasita zilizokauka. Zima transmita yako, acha risiva ikiwa imewashwa. Sevo zikiendelea kucheza kama zinaagizwa, kuna anayezituma. Vitu vya kuchezea vya watoto hutumia 27 hadi leo. Kapasita za elektrolaiti zenye miaka 40 hupoteza ujazo, na dalili yake ni utetemeshi unaopungua seti ikipata joto. Badilisha kwa ujazo ule ule na volti sawa au zaidi, na uangalie upande wa hasi uliochapishwa kwenye gamba.

Injini ikiwaka: chuma kinachosugua chuma. Fimbo ya chuma iliyoingia kwenye mkono wa chuma wa kabureta hutoa cheche ndogo za kelele ya redio kila inapotikisika, na risiva za AM huzisikia zote. Weka kiungio cha nailoni upande mmoja. Hilo moja huponya kesi nyingi za namna hii. Halafu angalia sponji: risiva na betri zifungwe kwa sponji ya angalau sentimita moja kila upande, bila kubanwa hadi igeuke ngumu kama mbao. Propela isiyo na mizani sawa inaweza kulegeza hata kilichofungwa vizuri.

Umbali ni mfupi

Kunja antena ya transmita yote, mwache mwenzako ashike ndege, tembea. Unatakiwa kupata mita 25 hadi 30 bila sevo kutetemeka, injini ikiwa imezimwa, halafu rudia ikiwaka. Umbali ukipungua sana injini inapowaka, usiruke. Usifanye jaribio hili kwa dakika nyingi mfululizo, kwani transista ya mwisho ya transmita hupata joto antena ikiwa imekunjwa.

Sababu ya kawaida ni antena. Ule waya wa risiva wenye urefu wa karibu mita moja ni sehemu ya mpangilio wa koili. Haukatwi, haukunjwi, hauzungushwi kwenye kijiti, na haupiti sambamba na nyaya za sevo. Mara nyingi umekatika ndani ya plastiki pale unapotokea kwenye boksi la risiva. Uvute kidogo, ukirefuka kama mpira ujue shaba haipo. Upande wa transmita, vipande vya antena ya kuvuta hushika uchafu kwenye maungio. Pangusa kila kipande kwa kitambaa chenye spiriti.

*Simama hapa* ikiwa antena zote ni nzima, betri ni nzima, na umbali bado haufiki. Sasa ndipo koili zinaweza kuwa na kosa, na hapo anahitajika fundi mwenye vifaa vya kupimia masafa. Transmita iliyopanguliwa kienyeji inaweza kurusha mawimbi nje ya masafa yake, na hilo ni kosa kisheria. Kwa Tanzania, ruhusa ya masafa ni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na ya kurusha ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Uliza kabla, kwa sababu masafa yaliyokuwa halali kwingine miaka ya 1970 si lazima yawe halali unapoishi.

Chaneli moja, valvu na mpira uliosokotwa

Hapa tunaingia kwa wazee, redio za valvu, yaani taa za kioo zilizotangulia transista. Ndugu pacha Walter na William Good waliirusha Guff yao huko Kalamazoo, Michigan, mwaka 1937, na ndege hiyo imehifadhiwa Smithsonian. Kwa miaka mingi baada ya hapo, redio ya kawaida ya mtu wa kawaida ilikuwa na kitufe kimoja: ukibonyeza, rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) inajibu, na kifaa kidogo kiitwacho eskepimenti kinaachia mpira uliosokotwa uzungushe fimbo ya usukani robo mzunguko.

*Usukani haugeuki kabisa.* Mpira haujasokotwa, au umekauka. Mpira wa bapa wa milimita 3 unataka kupakwa mafuta ya nyonyo kidogo na kubadilishwa kila msimu. Ondoa mpira, zungusha fimbo ya usukani kwa kidole: inatakiwa ianguke yenyewe kwa uzito wake. Ikisita, imepinda.

*Usukani unaruka hatua.* Unabonyeza kushoto, unapata kulia. Mtikisiko wa injini unaachia eskepimenti pasipo amri. Ifunge kwenye ukuta mgumu wa ndege, tena mbali na injini, na upunguze mizunguko ya mpira.

*Rilei inasita.* Valvu ya gesi RK61 huvuta karibu miliampea 1.5 bila ishara, na inapoipata ishara mkondo huanguka chini ya nusu miliampea. Pima mkondo huo kwa mita. Ukianguka vizuri na rilei isijibu, kosa ni la rilei: pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya vigusio. Msasa usiupeleke pale, unachimba. Mkondo usipoanguka, ni valvu au betri ya volti 45. Betri hizo hazipatikani dukani; tano za volti 9 zikiungwa mfululizo hufanya kazi ileile.

Ukiunganisha kisikilizi cha masikioni kwenye risiva ya aina hii utasikia mchirizo kama mvua juu ya bati, unaokatika unapobonyeza kitufe. Mchirizo ukiwepo, valvu ni hai. Kumbuka pia kwamba risiva hizi husikia kila kitu kilicho karibu na masafa yake, kwa hiyo ni ndege moja hewani kwa wakati mmoja.

*Mkia unapigapiga muda wote.* Kama ni mtambo wa Galloping Ghost, huo si ugonjwa. Ndivyo unavyofanya kazi: mapigo yasiyokoma, na wastani wake ndio usukani. Ugonjwa ni pale mkia unapotulia.

Seti za ridi, zile zenye vitu kama meno ya kitana vinavyoitikia sauti tofauti, huugua vigusio vichafu, na sauti ya transmita husogea betri ikishuka. Chaji kwanza. Skrubu za ridi zinasogezwa sehemu ndogo tu ya mzunguko, moja moja, huku kitufe kimebonyezwa.

*Simama hapa* mbele ya transmita ya valvu yenye volti 135. Mkondo wake unaweza kukudhuru, na kapasita hubaki na chaji baada ya kuzima. Asiye na uzoefu wa valvu asiifungue.

Injini

Inazima ukitoa betri ya plagi (ile inayopasha waya wa plagi wakati wa kuwasha): plagi imechoka, au mafuta yamezidi. Plagi itolewe, iwekewe volti 1.5, waya wake uwake chungwa angavu wote, si nusu. Mafuta ya zamani pia ni mshukiwa, maana methanoli hunywa unyevu wa hewani, na galoni iliyoachwa wazi pwani haifai tena.

Inazima pua ikielekezwa juu: mafuta ni machache. Anza na sindano ya kabureta mizunguko miwili na nusu wazi, tafuta kasi ya juu, kisha fungua kidogo hadi usikie imeshuka. Shikilia ndege pua juu; ikipandisha sauti kidogo ni sawa, ikififia fungua tena.

Inakohoa katikati ya safari: povu au tangi. Katikati ya tangi pawe usawa wa sindano, au chini kwa milimita 10 tu. Mpira wa ndani wenye kizito uzunguke huru bila kugusa ukuta wa nyuma. Tundu dogo kwenye mpira huo halionekani. Uutie majini na upulize.

Injini iliyoganda kwa mafuta ya nyonyo ya miaka mingi ipashwe kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha izungushwe taratibu. Ukilazimisha kwa propela ikiwa baridi, utapinda fimbo ya pistoni. Moto wa methanoli hauonekani juani, na kunywa hata kidogo kunaweza kupofusha. Aliyemeza apelekwe hospitali mara moja, asingoje dalili.

Ndege yenyewe

Inapanda, inaanguka, inapanda tena, na elevata (kipande cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) ni kali mno: mkia mzito. Pima mizani tangi likiwa tupu. Kwa ndege ya kujifunzia, kituo cha uzito kiwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kuelekea wa nyuma. Bawa lenye upana huo wa sentimita 25 linataka sentimita 6.3 hadi 8.2. Sogeza betri mbele kabla ya kuongeza risasi.

Inavuta upande mmoja kwa kila kasi: bawa limepinda. Litazame kutoka nyuma, kisha lipashe kwa pasi huku mwenzako akilipindua kinyume, mkilishikilia hadi lipoe.

Inageuka kinyume cha amri punde inaporuka: eileroni (vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoinamisha ndege) zimefungwa kinyume. Kijiti kulia, eileroni ya kulia inapanda. Kagua kila asubuhi, hasa baada ya kubadilisha sevo.

Mlio wa kuvuma ghafla ndege ikishuka kwa kasi ni mkia au eileroni inayopigapiga. Punguza mafuta hapo hapo, inua pua taratibu, tua. Sababu ni matundu ya viungio yaliyopanuka, bawaba legevu, au sevo yenye gia iliyolika. Shika kila kipande kinachosogea na ukivute kwa nguvu ya vidole viwili. Kinachocheza zaidi ya milimita moja kitengenezwe upya, na bawaba iliyotoka hata nusu ibadilishwe pamoja na wenzake wa bawa hilo lote.